Mkia wa Gari Ukianza Kucheza: Nilivyobadilisha Mikono ya Nyuma ya Corolla Nikiwa Nyumbani

Wengi mnakuja hapa kwa ajili ya mpunga, viwavijeshi na mbolea, na wiki ijayo tutarudi kwenye mpunga kama nilivyoahidi. Leo naomba tuzungumzie gari. Wakulima wengi ninaowatembelea huku Mvomero sasa wana magari madogo, na magari hayo yanabeba kila kitu: miche, mbolea, kreti za nyanya, mgonjwa, maharusi. Halafu siku moja mkia wa gari unaanza kucheza, na mwenye gari badala ya kutafuta sababu anauzoea. Mimi niliuzoea kwa miezi minane.

Gari langu ni Toyota Corolla 110, la gia za mkono, limeshapita kwa wenyewe wawili kabla yangu. Kazini natumia pikipiki, gari ni la familia. Lakini bibi shamba ni bibi shamba hata siku ya Jumapili. Mara nimebeba mbegu, mara mtu kaniomba nimpitishie gunia mbili za mpunga hadi mashineni, na unajua gunia za huku zinavyofungwa. Lumbesa mbili kwenye buti ya Corolla, njia ya mashimo, mwaka baada ya mwaka.

Dalili zilikuja taratibu. Kwanza mlio, ngo, ngo, kila gurudumu la nyuma likiingia shimoni. Kisha ikawa nikiachia mafuta kwenye kona, mkia unasogea kidogo kama mtu anayejiweka sawa kwenye kiti. Fundi wa kwanza alisema ni shokapu. Nikanunua shokapu mbili za nyuma, zikafungwa, mlio ukapungua kwa wiki moja ukarudi. Fundi wa pili alisema ni alaimenti, akapima magurudumu ya mbele tu, nikalipa, nikaondoka na tatizo langu lile lile.

Siku niliyoogopa nilikuwa nampeleka mama kliniki ya presha Morogoro. Tulipopita Magole na kuingia barabara kuu ya Dodoma, basi likatupita kwa kasi. Upepo wake ulilisukuma gari, hilo ni kawaida. Lisilo la kawaida ni kwamba mkia ulikwenda upande wake, ukarudi, ukaenda tena, na mimi nikawa naufuata kwa usukani kama mtu anayemkimbiza kuku. Mama alikaa kimya mpaka gari likatulia. Kisha akasema, "Mwanangu, hili gari linatembea kama bata."

Jumamosi iliyofuata nililipandisha nyuma nikaanza kukagua mwenyewe, kama ninavyowaambia mkague shamba kabla ya kununua dawa.

Nilianza na tairi. Pitisha kiganja juu yake, kwenda na kurudi. Kama upande mmoja unateleza na mwingine unakwaruza kama meno ya msumeno, gurudumu halielekei linakokwenda. Zangu zilikuwa zimelika upande wa ndani, zote mbili. Kisha shika gurudumu juu na chini ulitikise, ulizungushe usikilize. Likicheza au likinguruma, angalia beringi kwanza. Langu halikunguruma. Mwisho chukua mtaimbo mfupi, uuingize kati ya mkono na chuma ulichofungwa, usukume kidogo huku ukiangalia mpira wa bushi. Bushi nzima inanyumbuka kidogo na kurudi. Zangu mpira ulikuwa umepasuka duara nzima na kibomba cha chuma cha katikati kimelalia upande mmoja. Hapo ndipo mlio ulipokuwa ukitoka.

Mikono hiyo ni nini? Nyuma ya Corolla 110, kila gurudumu linashikwa na vyuma vitatu. Viwili vimelala kwa upande, kutoka katikati ya gari kwenda kwenye gurudumu. Kimoja kimelala kwa urefu wa gari, kinazuia gurudumu lisiende mbele wala nyuma. Ile miwili ya upande ndiyo inayoamua gurudumu lielekee wapi. Mmoja uko mbele kidogo, tuuite mkono wa kwanza. Mwingine uko nyuma yake, tuuite mkono wa pili. Bushi za mmoja zikilegea, gurudumu linajiongoza lenyewe kila unapopiga breki au kukata kona, nawe mwenye usukani huna habari. Ukiwa na Vitz, IST au Premio ya kuendeshwa na magurudumu mawili, huna mikono hii. Nyuma una boriti moja ngumu inayounganisha magurudumu yote mawili, na habari ya leo haikuhusu sana, ila sehemu ya jeki tafadhali usiiruke.

Kuhusu kununua nitasema kwa kifupi. Unaweza kubonyeza bushi mpya kwenye mikono ya zamani, lakini unahitaji presi, na presi ya karibu ilikuwa mbali nami. Nikanunua mikono mizima minne yenye bushi zake. Mikono ya mtumba niliiacha, kwa sababu mpira unazeeka hata ukikaa rafu. Kabla ya kutoka dukani weka mkono mpya kando ya wa zamani na upime kwa futi kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu. Milimita chache zinatosha kugeuza gurudumu. Na badilisha pande zote mbili, hata kama wa upande mmoja unaonekana mzima, maana umebeba mizigo ile ile.

Sasa jeki. Nitakueleza nilichofanya siku ya kwanza bila kujipamba.

Nilikuwa na mtoto wa dada yangu, ana miaka 14, anapenda mambo ya ufundi. Nilivuta hendibreki hadi mwisho, nikaweka gia huru, nikapandisha nyuma kwa jeki moja, nikafungua gurudumu. Stendi sikuwa nazo. Kijana akawa ameingiza mkono ndani kwenye bolti, anapaka oili. Nikamwambia aniletee soketi namba 17. Akautoa mkono, akasimama, akapiga hatua kama tatu kuelekea barazani. Gari likasogea mbele, jeki ikalala, na ngoma ya breki ikatua chini kwa kishindo ambacho jirani alikisikia.

Hendibreki inashika magurudumu ya nyuma. Ukiyanyanyua magurudumu ya nyuma, hendibreki inashika hewa. Yaliyobaki chini ni ya mbele, na mimi nilikuwa nimeyaacha huru kabisa, bila gia, bila hata jiwe. Jambo hilo ni rahisi kiasi kwamba ningeulizwa darasani ningelijibu bila kufikiri. Sikuwa nimelifikiri.

Kijana alirudi na soketi akaniuliza, "Mama mdogo, imekuwaje?" Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Jioni nilimpigia dada nikamweleza mwenyewe, kwa sababu sikutaka asikie kwa mtoto. Aliniuliza swali moja tu, mkono wa kijana ulikuwa wapi. Nikamwambia ukweli. Hakuzungumza nami kwa siku mbili.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi, na nakuomba ufanye hivi. Gari lisimame kwenye sakafu ngumu iliyo sawa. Penye udongo, weka ubao mnene chini ya jeki na chini ya stendi. Gia ya mkono iwe kwenye namba moja, ya otomatiki iwe kwenye P, kwa sababu kwenye Corolla hii injini inavuta magurudumu ya mbele na gia ndiyo itakayoyashika. Magurudumu ya mbele yakingwe kwa mbao mbele na nyuma, yote mawili. Legeza nati za tairi kidogo kabla ya kupandisha. Stendi mbili za chuma zikae chini ya sehemu zile za kingo za bodi zilizoimarishwa kwa ajili ya jeki. Matofali ya saruji hapana, hata yakipangwa vizuri namna gani, maana tofali linapasuka ghafla bila kukupa dalili. Tairi ulilolifungua lilaze chini ya kingo ya bodi, ili lolote likitokea gari liangukie hapo. Kisha lisukume gari kwa mkono, kwa nguvu, kabla hujaingiza kiungo chochote chini. Stendi nilizinunua wiki ile ile. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya zile shokapu ambazo hazikuwa na kosa.

Kazi yenyewe si ngumu, ni ya subira. Bolti za nyuma zimekula vumbi na maji kwa miaka zaidi ya 20. Safisha nyuzi kwa brashi ya waya jioni ya kuamkia kazi, paka oili ya kulegezea kutu, rudia asubuhi. Kwenye gurudumu, bolti moja ndefu inapita kwenye mikono yote miwili, na hiyo ndiyo inayosumbua, kwa sababu kutu inaigandisha ndani ya kile kibomba cha bushi. Ukilazimika kuigonga, rudisha nati mpaka iwe sawa na ncha ya bolti, ugonge nati, nyuzi zipone. Fundi mmoja alijitolea kuja na mtungi wa gesi aichome moto. Nilimshukuru nikakataa. Tanki la petroli liko hapo hapo, mbele kidogo ya mikono. Tulishinda na bolti ile moja kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita, ikatoka.

Kuna alama moja usiiruke. Kwenye gari langu bolti ya ndani ya mkono wa pili ina kisahani chenye mistari, na kitundu chake hakikuchongwa katikati. Ukikizungusha, mkono unasogea nje au ndani, na hapo ndipo gurudumu la nyuma linaporekebishwa. Kabla ya kuigusa, chora mstari kwa tindo au rangi ya kucha kuanzia kwenye kisahani hadi kwenye chuma cha gari, upige na picha kwa simu. Utarudishia kwenye mstari huo huo. Haitakuwa sahihi kabisa, ila itakufikisha kwenye alaimenti bila kumaliza tairi njiani. Pia fanya upande mmoja kwanza, wa pili uuache umefungwa, ukisahau kitu kilikaaje unakwenda kuchungulia.

Nilifunga mikono yote minne, nikakaza kila bolti kwa nguvu gari likiwa bado juu ya stendi, magurudumu yananing'inia. Nilikaza vizuri sana. Nikashusha, nikaona mkia umesimama juu kidogo kuliko zamani, nikafurahi, nikadhani ndiyo upya wenyewe.

Mvua za masika hazikuisha kabla ya mlio kurudi. Ngo, ngo. Nikaingia chini nikakuta bushi mpya zimeanza kupasuka. Nilipandwa na hasira, nikaenda dukani na mkono mmoja mkononi, nikamwambia muuza spea mbele ya wateja wake kwamba ananiuzia bidhaa feki. Nilitumia maneno ambayo mtumishi wa umma hapaswi kuyatumia. Yeye aliugeuzageuza mkono, akaniuliza kwa utulivu, "Dada, ulikazia wapi, juu au chini?" Sikuelewa swali. Niliona ananikwepa, nikaondoka.

Swali lilinikaa kichwani njia nzima. Usiku nikasoma maelekezo ya kiwanda kwa magari ya aina hiyo, na nilichokikuta kinafaa kukaririwa: bolti za bushi hukazwa mwisho kabisa, gari likiwa limekaa kwa uzito wake kwenye magurudumu.

Sababu yake ni hii. Bushi ya mkono huu haizunguki kama beringi. Mpira wake umegandishwa kwenye kibomba cha ndani na kwenye chuma cha nje. Ukikaza bolti, kibomba kinabanwa kisisogee tena, na kuanzia hapo kila gurudumu linapopanda na kushuka, mpira ndio unaojipinda. Ukikaza gari likiwa chini, mpira unatulia gari linaposimama, na njiani unajipinda kidogo juu na kidogo chini. Ukikaza magurudumu yakining'inia, mikono imeelekea chini, na ukishusha gari mikono inapanda na kuupinda mpira hata kabla hujawasha injini. Unalala umepindwa, unaamka umepindwa, unapofika shimo la kwanza hauna pa kwenda ila kuchanika. Na ule mkia niliousifia kwa kusimama juu ulikuwa ni mpira unaosukuma gari kwa sababu umepindwa.

Kwa hiyo spea zilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyeziharibu, siku ile ile nilipozifunga. Nimekutana na wakulima wengi wanaolaumu mbegu wakati kosa ni tarehe ya kupanda, na huwa nawasikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayejua jibu. Safari hii jibu alikuwa nalo muuza duka. Nilirudi kwake Jumatatu, tena nikangoja wawepo wateja, kwa kuwa nilimtukana mbele ya wateja. Nikamwambia nilikazia juu. Alicheka, akanipunguzia bei ya mikono mingine minne, na hadi leo nanunua kwake.

Mara ya pili nilifanya hivi. Bolti zote niliziingiza na kuzikaza kwa vidole na spana kidogo tu, mkono uweze kuzunguka. Nikarudisha magurudumu, nikashusha gari juu ya mbao nne pana za mninga, moja chini ya kila gurudumu, ili nipate nafasi ya kuingiza mkono na spana huku gari limebeba uzito wake. Nikakandamiza buti mara kadhaa likae mahali pake. Kisha nikakaza, nikianza na bolti za ndani. Kama huna mbao za kutosha, liache gari kwenye stendi, weka jeki chini ya sehemu ya gurudumu upande unaoufunga, uipandishe taratibu mpaka bodi ianze kutaka kunyanyuka kwenye stendi. Hapo mkono upo karibu na unapokaa barabarani.

Nguvu ya kukaza tafuta ya gari lako, usikisie. Spana ya kupimia nguvu niliazima. Ukiikosa, hesabu hii inasaidia: ukining'iniza uzito wa kilo 25 kwenye mpini wenye urefu wa nusu mita, unapata kama Newton mita 120. Nati za tairi za Corolla yangu zinataka 103, na vijana wengi wa gereji wanazikaza kwa kuruka juu ya spana, ambayo ni mara mbili ya hapo au zaidi.

Kisha alaimenti, ya magurudumu manne. Usikubali ya mbele tu, hata wakikuambia nyuma hakurekebishwi. Gurudumu likikosea mwelekeo kwa nyuzi 1 tu, basi kwa kila kilomita 1 unayokwenda ni kama limeburuzwa kwa upande mita 17. Piga hesabu kutoka Turiani hadi Morogoro na kurudi, utajua tairi zangu zilikwenda wapi. Na baada ya kupimwa, kabla ya kulipa, chungulia mwenyewe kama nati za kurekebishia zimekazwa. Mwaka 2012 Toyota iliita magari zaidi ya 700,000 nchini Marekani, karibu yote RAV4 za kuanzia 2006, kwa ajili ya mkono wa nyuma wenye nyuzi za kurekebishia. Nati zake zisipokazwa sawasawa baada ya alaimenti, nyuzi zinalegea, zinaingia kutu, na mkono unaweza kuachana. Wenye RAV4 za umri huo mchungulie hata kama hamna mlio wowote.

Mimi nilichungulia tena baada ya wiki mbili. Bolti moja ya ndani ilikubali robo mzunguko, nyingine zilikuwa zimekaa.

Kama ukifungua na kukuta sehemu ya bodi inayoshika mikono imeliwa na kutu, simama hapo, mpelekee fundi wa kuchomea anayeaminika, hiyo si kazi ya barazani. Na usimwite mtoto wako akusaidie mpaka stendi ziwe zimekaa. Kijana wetu amerudi kunisaidia, dada aliruhusu, ila sasa kabla ya kuingiza mkono analisukuma gari yeye mwenyewe, halafu ananiangalia.

Mwezi uliopita tulikwenda tena kliniki na mama. Mabasi yalitupita mawili baada ya Magole. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari ya bushi, lakini alisinzia kabla hatujafika Dakawa.